Baa yenye filamu au kibanda cha video? Jumamosi usiku Malindi

Mpwa wangu alinipigia simu Alhamisi jioni, akaniamkia kwa adabu kuliko kawaida yake, nikajua pana jambo.

"Mjomba, Jumamosi nataka kutoka na mtu. Kuna baa barabara ya Lamu imeweka skrini ukuta mzima, wanaonyesha filamu kuanzia saa mbili. Lakini mwenzangu ataka twende kibandani, kwao mtaa wa Kisumu Ndogo. Wewe wasemaje?"

Hakuniuliza kwa sababu ya ujuzi wangu wa kutoka na watu. Mimi ni fundi wa spika na amplifaya. Nimefungua za baa, za vibanda, za misikiti na za harusi, na hewa ya chumvi ya mji huu haijawahi kuniacha bila kazi. Waya wa shaba hugeuka kijani, koni ya karatasi hunywa unyevu ikalegea, na spika iliyoimba vizuri wakati wa Pasaka huanza kukwaruza kabla mwaka haujaisha. Kwa hivyo nikiulizwa mahali pa kutazama filamu, mimi huanzia masikioni. Anayetafuta viti laini atanisamehe.

Na pa kuchagua si pengi. Wazee wa hapa wakihadithia filamu za Kihindi walizotazama kwenye majumba ya Naaz na Regal, wanahadithia Mombasa. Leo ukitaka jumba la sinema lenye giza la kweli na viti vilivyopangwa ngazi, ninalolijua mimi la karibu liko Nyali, kilomita 120 hivi kutoka hapa, na kurudi usiku ni shauri jingine. Tulioko Malindi tuna baa, tuna kibanda, na mwenye jamaa aliye na projekta ana ukuta wa nyumbani.

Kusikia

Spika za baa hufungwa kwa ajili ya muziki. Mbili au nne zimepachikwa juu pembeni, wufa, spika ya besi, imekaa chini karibu na kaunta, na amplifaya imewekwa besi mpaka chupa zilizo kwenye rafu zinatetemeka. Muziki hapo unakwenda vizuri. Maneno ya mtu hayaishi kwenye besi. Simu ya kawaida ya zamani ilikuwa ikibeba masafa ya kama hezi 300 hadi 3,400 tu, bila besi, na tulisikizana, tukagombana na tukasuluhishana humo humo. Filamu ikipita kwenye mtambo uliowekwa kwa dansi, mlio wa gari unakuja hadi kifuani, na "nakupenda" inapotea.

Halafu kuna kosa moja dogo ambalo nimelikuta mara nyingi mno. Filamu nyingi za siku hizi zina sauti ya njia sita: mbele kushoto, mbele kulia, kati, mbili za nyuma, na moja ya besi. Maneno ya waigizaji karibu yote hupitishwa ile njia ya kati. Baa haina spika ya kati, ina kushoto na kulia basi. Mashine ikiachwa kwenye 5.1, yaani hizo njia sita, inaamini kwamba spika zote sita zipo. Muziki utafika, mvua itafika, bunduki zitafika, na maneno yatabaki kwenye tundu ambalo halina waya.

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa kwenye baa, sitaitaja, nakunywa Stoney yangu. Kwenye skrini mwanamke amesimama dirishani anamnong'oneza mwanamume. Midomo yatembea. Sisi twasikia matone ya mvua, fidla, na vijiko vya jikoni. Mhudumu akaongeza sauti, na mvua nayo ikaongezeka. Akaongeza tena, mlango kwenye filamu ukabamizwa, jamaa wa meza ya pili akajimwagia bia mapajani. Nikaomba rimoti. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti, nikatoa 5.1, nikaweka stereo, ya kushoto na kulia tu. Kazi ya nusu dakika. Mara yule mwanamke akapata sauti, na mzee mmoja wa kaunta akageuka na kiti chake: "Kumbe huyu mama siku zote alikuwa akiongea!"

Kwa hivyo jaribio la kwanza ukifika baa ni hilo. Usiitazame skrini. Funga macho kama unayesinzia. Ukisikia muziki na vishindo bila maneno, muulize mhudumu kwa upole kama mashine iko stereo. Akikutazama kama umemuuliza kuhusu posa ya dadake, kunywa ulichoagiza ukatafute pengine.

Paa nalo lina neno. Baa nyingi za hapa zina makuti, na makuti ni rafiki wa sauti: yanameza mwangwi, maneno yanakufikia safi. Zile mpya za dari la saruji na sakafu ya vigae, ambazo watu huziona ndizo za kisasa, kila neno hulipata mara tatu. Kati ya baa mbili zenye skrini sawa, chagua ya makuti. Sijapata bado kujuta kwa kanuni hiyo.

Sasa njoo kibandani. Kuta za mbao nyembamba, paa la mabati, mabenchi, televisheni ya inchi 43 na spika mbili ambazo nimezishona kwa mkono wangu zaidi ya mara moja. Kwa bei ya vifaa, kibanda chote hakifiki bei ya wufa ya baa. Lakini watu waliomo ndani wanaifuata filamu neno kwa neno, na siri ni kwamba wanayemsikiliza ni DJ. Sauti ya DJ Afro juu ya filamu za kigeni inajulikana Kenya nzima. Anaeleza, anatania, anawabatiza waigizaji majina, anakwambia huyu ni mbaya hata kabla ubaya wake haujaonekana. Wasomi humcheka. Mimi kama fundi namvulia kofia: sauti moja, iliyo karibu na maikrofoni, ya asili imeshushwa chini yake. Hata spika mbovu inaiweza kazi hiyo.

Nimewahi kufikiri kwamba Malindi ni mji wenye makabila mawili yasiyotaka kusoma maandishi chini ya skrini: wapenzi wa DJ Afro na Waitalia. Kwao Italia filamu za Kimarekani huingizwa sauti za Kiitaliano kabla hazijaoneshwa, na waliohamia hapa hawakuiacha desturi hiyo uwanja wa ndege. Ukiingia baa ukakuta jitu la Texas linatukana kwa Kiitaliano, usishangae. Vijana wetu wengi wa ufukweni wanalielewa kuliko ambavyo wangelielewa kwa Kiingereza.

Adui wa kibanda ni mvua. Ikinyesha kwenye mabati hata DJ awe na mapafu ya punda, hasikiki. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za mwaka, mimi kibandani siendi bila kutazama mbingu kwanza. Hapo baa ya makuti inashinda bila mjadala.

Skrini, na nani anaitazama

Watu huanzia hapa, mimi naona ni jambo la pili. Projekta ya baa ikitupa picha ya inchi 100, upana wake ni kama sentimita 221. Televisheni ya inchi 43 ya kibandani haifiki mita moja. Kwa karatasi, baa imeshinda zaidi ya mara mbili.

Ila picha ya projekta ni mwanga, na baa haipendi giza. Kuna friji ya vinywaji inayong'aa, kuna taa za rangi, kuna simu thelathini mezani. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, kwa hivyo anayekuahidi filamu ya projekta nje saa kumi na mbili anakuahidi ukuta mweupe. Hata baada ya hapo, filamu za usiku usiku, zile za wachawi na wapelelezi, hugeuka uji wa kijivu. Za jangwani na za magari zinasalimika.

Kilicho kikubwa kuliko inchi ni samani. Kibandani mna mabenchi, na benchi lina upande mmoja: wote mnatazama mbele. Baa ina meza. Meza ya watu wanne ina wawili wanaoipa filamu mgongo. Watageuza viti dakika kumi za mwanzo, shingo itauma, kisha watarudiana uso kwa uso na kuanza habari za kazini. Sisemi hilo ni baya. Baa ilijengwa watu watazamane, filamu ikaja juzi. Ukienda baa ukakasirika kwamba watu wanaongea, ni kama umeenda harusini ukakasirika kwamba kuna pilau.

Ndiyo maana nikamwambia mpwa wangu hivi: baa peleka filamu ambayo mmeshaiona. Mtaitupia jicho kwenye sehemu mnazozipenda, mtaongea kwenye zile mnazozijua. Filamu mpya, yenye fumbo la nani aliua, ipelekeni kibandani.

Saa, na mpira

Hapa ndipo usiku wa watu unapoharibikia.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka baa za kawaida zifunguliwe saa kumi na moja jioni na zifungwe saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Hoteli na vilabu vya usiku vina leseni na saa zao. Piga hesabu: filamu yenye urefu wa saa mbili na nusu, imetangazwa saa mbili usiku, imeanza saa tatu kwa sababu flashi haikuonekana. Saa tano inapiga kabla mhalifu hajakamatwa, na mlinzi ameshaanza kupandisha viti juu ya meza. Nimetazama mianzo mingi mizuri ya filamu katika baa za mji huu.

Na hiyo ni kama hakuna mpira. Jumanne na Jumatano za Ligi ya Mabingwa usijisumbue kuuliza filamu. Mechi nyingi zinazoanza saa mbili usiku London zinatufikia saa nne usiku, na saa za Ulaya zikirudishwa nyuma mwisho wa Oktoba zinakuwa saa tano. Jumamosi watu wanadhani mpira huishia kwa Waingereza. Sehemu nyingine za Kenya huenda, ila Malindi ina watu wake. Mechi ya jioni ya ligi ya Italia huanza 2:45 usiku kwa saa za kwao, na sisi tunaipata saa 3:45 miezi ya saa za kiangazi cha Ulaya, saa 4:45 baada ya hapo. Mwenye baa anajua hesabu yake: mtazamaji wa filamu anaagiza soda moja na kuipapasa hadi mwisho, mshabiki wa mpira anaagiza kila bao, na kila bao lililokosekana. Mimi ningekuwa yeye ningebadilisha chaneli pia.

Swali la kuuliza kabla ya kutoka nyumbani, basi, ni "Usiku huo kuna mechi gani?" Jina la filamu litasubiri. Nilimwambia mpwa wangu aulize. Akasema ataulizia.

Kibanda nacho huonyesha mpira, tena ndio unaokilipia kodi. Tofauti ni kwamba ubao uko mlangoni, umeandikwa kwa chaki: saa fulani filamu, saa fulani mechi, na kiingilio chake. Ikifika saa, filamu moja inaisha, wanaotoka wanatoka. Hujauziwa kitu halafu ukapewa kingine.

Pesa na tumbo

Kibandani mimi hulipa shilingi 20 au 30 mlangoni, siku ya mechi kubwa 50. Baa haina kiingilio, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kiti cha baa unakilipia kwa chupa. Saa mbili za filamu na mhudumu anayepita kila robo saa kuuliza "niongeze?" akisimama hasa mbele ya skrini, ni vinywaji vitatu kwa mtu, watu wawili, na kitu cha kutafuna. Uliza bei kabla ya raundi ya kwanza, kwa sababu baa mbili zilizopakana barabara ile ile bia hiyo hiyo zinaiuza kama bidhaa mbili. Na weka ya tuktuk kando, kwani bei ya usiku si ya mchana.

Chakula? Baa itakupa mishkaki na chipsi, na mishkaki ikiwa ya makaa ya kweli siwezi kuisema vibaya. Lakini nje ya kibanda kuna mama na karai lake. Anakaanga viazi vilivyovikwa unga wa manjano, anaviinua kwa kijiko cha matundu, anavigonga ukingoni mara mbili mafuta yachuruzike, anavifungia kwenye karatasi ya gazeti na ukwaju wa pilipili kwenye kimfuko kilichofungwa fundo. Unang'ata pembe ya kimfuko ndani gizani, na ukikosea unajimwagia shati. Shilingi chache. Kwenye kipengele hiki pekee nimeacha kujifanya mwamuzi asiye na upande.

Unakwenda na nani

Kama una mtoto wa chini ya miaka 18, mjadala umekwisha: sheria ile ile ya 2010 haimruhusu baa, awe na mzazi au asiwe naye. Hata kibandani, filamu huainishwa, GE ya wote, PG ya mtoto akiongozwa na mzazi, 16 na 18, na mwenye kibanda muungwana huwatoa wadogo kabla hajaweka ya 18. Si wote ni waungwana. Chungulia ubao.

Wanawake niseme ukweli kama ninavyouona. Kibanda cha usiku kimejaa wanaume na vijana, na msichana mgeni ataona macho yote yamemgeukia kabla hajakaa. Lakini akiwa ni wa mtaa huo, kila mtu anamjua ni binti wa nani, na hakuna anayethubutu. Baa ni kinyume chake: hakuna anayemjua mtu, ambacho ndicho wengine wanachokitafuta, na akiachwa peke yake mezani dakika tano, mtu atavuta kiti bila kukaribishwa. Mwenzake mpwa wangu ni wa Kisumu Ndogo. Nilipolisikia hilo, nilishajua kura yangu iko wapi.

Waliopo Lamu, na wenye shuka

Jamaa zangu wa Lamu huniambia mashindano haya kwao hayana maana. Pombe kisiwani inauzwa mahali pachache, na anayetembea hadi Peponi, Shela, hoteli iliyopo tangu 1967, amefuata bahari na mazungumzo. Sikatai. Kule mimi ningechagua juu ya dari ya nyumba ya mawe, baada ya isha kupita, projekta iliyofika kwa mashua na punda, shuka jeupe na sinia la kaimati. Hakuna gari la kupiga honi kwenye sehemu ya huzuni.

Hilo la shuka linafaa Malindi pia kama una wageni wa rika zote. Ila funga boriti upande wa chini. Niliwahi kufunga juu tu, miezi ya kusi, na upepo ulipoingia shuka likajaa kama tanga. Shujaa wa filamu akavimba kitambi, akakonda, akavimba tena, na watoto wakacheka filamu nzima ya msiba.

Basi nikampa mpwa wangu jibu: kibandani, filamu ya kwanza ya jioni, viazi karai, kisha kama bado mna maneno, baa ya makuti kwa soda moja na kuongea. Akashukuru sana. Jumamosi wakaenda baa.

Saa 3:50 usiku simu yangu ikalia.

"Mjomba, wamebadilisha. Wameweka mpira wa Waitalia. Filamu ilikuwa imebakisha nusu saa."

"Uliulizia mechi?"

Kimya.

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Ashaingia kwenye tuktuk. Anauliza nakuja au siji."